Nani Ashike Ufagio?

Mashariki ya mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, iko nchi iitwayo Vitongoji. Jina lake lalingana na umbo lake: si mji mmoja uliokusanyika pamoja, bali ni vijiji vidogo vidogo vilivyotawanyika kati ya minazi, miembe na mashamba ya muhogo, kufika hata pwani ya mawe inayotazama bahari kuu. Ukipita huko alfajiri, kabla jua halijapanda, utasikia sauti tatu: sauti ya jogoo, sauti ya adhana, na sauti ya ufagio. Hiyo sauti ya tatu ndiyo tutakayoisoma leo.

Ufagio wa Pemba ni wa njukuti, yaani vile vijiti vyembamba vilivyo katikati ya majani ya mnazi. Watu wa kwingine huviita chelewa. Njukuti hukwanguliwa kwa kisu, hukusanywa, hufungwa kwa kamba. Na kwa ufagio huo uwanja wa mchanga hufagiwa hata ukabaki na mistari mizuri, kama mchanga wa pwani maji yakiisha kupwa. Mgeni aingiaye katika uwanja kama huo hujua mara moja kwamba wenyeji wake wamekwisha amka.

Sasa jiulizeni: ni nani ashikaye ufagio ule? Katika nyumba nyingi ni mama, au bibi, au binti. Mtoto wa kiume wa umri uleule wa binti huenda bado amelala, au ameketi barazani akingoja chai. Akiambiwa afagie, hucheka, akasema, "Hiyo ni kazi ya wanawake." Katika somo hili tutalipima neno hilo kama karafuu zipimwavyo katika mizani, tupate kujua kama ni zito kweli, au ni jepesi.

KAZI YA KILA SIKU NA KAZI YA MSIMU

Kwanza yatupasa tuwe waadilifu. Si kweli kwamba wanaume hawafanyi kazi yo yote ya usafi. Nani achimbaye shimo la choo? Nani aezekaye paa ili mvua isiingie ndani na kuozesha mikeka? Nani afyekaye majani karibu na nyumba, ili nyoka na mbu wasipate maficho? Mara nyingi ni mwanamume. Kazi hizo ni nzito, tena ni za usafi hasa. Mwaka 1973 palikuwa na mafunzo makubwa ya redio katika Tanzania Bara, yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu karibu milioni 2 walikutana kwa vikundi vijijini, wakasikiliza masomo na kuzungumza. Kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani, na kuondoa maji yaliyotuama. Wanaume wengi walitoka jasho katika kazi hizo, nazo ziliwaletea watu faida.

Walakini iko tofauti, na mtu asipoitazama vizuri haioni. Shimo la choo likichimbwa mara moja, hukaa miaka mingi. Paa likiezekwa vizuri, mwenyewe hupumzika msimu baada ya msimu. Lakini sahani ikioshwa asubuhi, adhuhuri imechafuka. Ikioshwa adhuhuri, usiku imechafuka tena. Hebu tuhesabu kazi za siku moja tu katika nyumba ya kawaida: uwanja kufagiwa, maji kutekwa, majivu kuzolewa mafigani, sufuria na vyombo kuoshwa, vitanda kutandikwa, mikeka kukung'utwa, nguo kufuliwa na kuanikwa, mtoto mdogo kuogeshwa, choo kuoshwa, taka kupelekwa jaani. Kazi kumi, na kesho zote kumi huanza upya kana kwamba jana hazikufanywa.

Basi tofauti ndiyo hii: kazi za wanaume nyumbani, zilizo nyingi, ni za msimu, kazi za wanawake, zilizo nyingi, ni za kila siku. Tena kazi ya mwanamume huonekana inapofanywa. Watu hupita njiani wakasema, "Fulani ameezeka nyumba yake." Lakini nani apitaye njiani akasema, "Mke wa fulani ameosha sufuria"? Kazi ile huonekana siku isipofanywa tu. Kwa sababu hiyo kijana aweza kukua katika nyumba safi miaka kumi na miwili, asijue kwamba usafi ule ulifanywa na mikono ya mtu. Hudhani nyumba hujisafisha yenyewe, kama anga lijisafishavyo baada ya mvua.

Hali hii si ya Pemba peke yake. Mwaka 2023 mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la afya na lile la watoto, yalitoa taarifa juu ya maji duniani. Yalieleza kwamba watu bilioni 1.8 hukaa katika nyumba zisizo na maji uani mwao, na katika nyumba 7 kwa kila 10 za namna hiyo, wenye jukumu la kuteka maji ni wanawake na wasichana. Maji ndiyo mwanzo wa usafi wote. Mwenye kuyachukua kichwani ajua bei ya kila kata imwagwayo. Asiyeyachukua humwaga bila kufikiri.

JE, NI MAUMBILE AU NI MAZOEA?

Wako watu wasemao, "Mwanamke ameumbwa na mkono wa usafi; mwanamume hakuumbwa nao." Kama neno hili ni kweli, basi hapana la kufanya, kwani umbile halibadiliki. Lakini kama si kweli, basi wengi wetu tumejificha nyuma yake. Na tuite mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni chombo cha bahari. Tangu zamani za kale majahazi yamesafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, baina ya Arabuni, Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja. Mabaharia wake walikuwa wanaume. Nani aliyepika humo? Nani aliyeosha sufuria, akafua nguo, akayatoa maji yaliyoingia chini ya chombo? Ni wao wenyewe. Tena walikuwa watu wa utaratibu mkubwa: kila kamba ilikunjwa, ikawekwa mahali pake, maana usiku wa dhoruba hapana nafasi ya kutafuta kamba gizani. Hata leo wavuvi wetu hulaza vyombo vyao mchangani maji yakipwa, wakasugua ubavu wote mpaka uchafu wa bahari umetoka, kisha wakapaka mafuta. Nahodha hamwulizi baharia kama kusugua ni kazi ya wanawake. Akimwuliza, atamwuliza kama amemaliza.

Shahidi wa pili ni mtumishi wa nyumbani wa zamani. Wakati wa utawala wa Wazungu, katika miji ya Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, watu waliofagia nyumba za Wazungu, wakatandika vitanda vyao, wakaosha vyombo na kupiga pasi, wengi wao walikuwa wanaume wazima. Waliitwa "boi", hata wale wenye mvi na wajukuu. Na kazi ya udobi, yaani kufua nguo za watu kwa malipo, ilikuwa kwa muda mrefu kazi ya wanaume mijini. Wanaume hao waliweza kuinyosha kanzu kwa pasi ya makaa hata isionekane kunyanzi moja. Lakini mtu huyohuyo akirudi kwake jioni, huenda alikaa akingoja mkewe amkung'utie mkeka. Je, umbile lake liliachwa mlangoni kwa tajiri? La. Umbile lilikuwa lilelile, na mikono ileile. Palipokuwa na mshahara, ufagio uliitwa kazi. Pasipokuwa na mshahara, uliitwa kazi ya wanawake.

Shahidi wa tatu atoka mbali, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Huko ilikuwako hospitali kubwa yenye sehemu mbili za kuzalishia. Katika sehemu ya kwanza walihudumu madaktari na wanafunzi wao, wote wanaume. Katika sehemu ya pili walihudumu wakunga wanawake. Akina mama waliozalia sehemu ya kwanza walikufa kwa homa ya uzazi wengi kuliko wale wa sehemu ya pili, hata ikawa wengine wanalia na kusihi wasipelekwe kwa madaktari. Kama ungeishi siku zile, labda ungesema, "Mnaona? Mkono wa mwanamke ni safi kwa asili, na mkono wa mwanamume ni mchafu."

Lakini daktari mmoja, jina lake Ignaz Semmelweis, hakuridhika na jibu jepesi. Alichunguza, akaona kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha kupasulia maiti, wakaenda moja kwa moja kwa akina mama bila kuosha mikono barabara. Wakunga hawakuingia katika chumba kile. Siku zile watu hawakuwa wamejua habari za vijidudu viletavyo maradhi. Hata hivyo Semmelweis alitambua kwamba mikono ile ilichukua kitu cha mauti. Mwezi wa Aprili mwaka 1847 walikufa akina mama kama 18 katika kila 100 wa sehemu ya kwanza. Katikati ya mwezi wa Mei akaamuru kila daktari na mwanafunzi aoshe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu katika kila 100.

Tafakarini jambo hili vizuri. Wanaume walikuwa walewale, na mikono ileile. Hakuna aliyebadilishwa kuwa mwanamke. Kilichobadilika ni desturi moja tu, na kwa desturi hiyo maisha ya watu yakaokoka. Basi mashahidi wote watatu wasema neno moja: usafi haumo katika kuzaliwa mwanamume au mwanamke, umo katika kufundishwa na kuzoezwa. Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Msichana hukunjwa mapema, kwa sababu hupewa ufagio angali na miaka mitano. Mvulana huachwa mpaka amekauka, kisha watu wakasema hakunjiki.

UCHAFU HAUMWULIZI MTU

Huenda mvulana akasema, "Kama dada yangu anajua kufagia nami sijui, nitapata hasara gani?" Jibu ni kwamba maradhi hayaangalii mgawanyo wetu wa kazi. Nzi akitua juu ya sahani isiyofunikwa, haulizi ni nani aliyeiacha wazi. Kifuu kikitupwa nyuma ya nyumba na mvua ikakijaza, mbu hutaga mayai ndani yake, na watoto wake wakisharuka huwauma wote, aliyekitupa na asiyekitupa.

Fikirini habari ya minyoo ya safura. Mayai ya minyoo hii hutoka pamoja na kinyesi cha mtu. Yakianguka katika mchanga wenye unyevu na kivuli, huangua vidudu vidogo sana, navyo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, vikasafiri mwilini mpaka tumboni. Huko hunyonya damu, na mtoto akawa mchovu, mweupe wa macho, mzito wa kusoma. Katika miaka ya 1990 wanafunzi wa Pemba walipopimwa, waliokutwa na minyoo hiyo walikuwa zaidi ya 9 katika kila 10. Tangu wakati huo watoto wamepewa dawa skuli. Na mwaka 2000 ilifunguliwa maabara ya afya ya jamii huko Wawi, katika wilaya yetu hii ya Chake Chake, inayoitwa kwa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa minyoo kutoka Italia. Humo wataalamu huchungua kwa hadubini yale ambayo macho yetu hayayaoni. Lakini dawa humwua mnyoo aliyekwisha ingia. Haimzuii yule aliye mchangani. Anayemzuia ni mtu atumiaye choo, aoshaye mikono, na avaaye viatu. Kadhalika kipindupindu, ambacho kilionekana Zanzibar mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi tangu hapo, hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa. Nyumba yenye watu wanane, wanne wasafi na wanne wasiojali, si nyumba nusu safi. Ni nyumba yenye mlango wazi.

NYUMBA MOJA YA MFANO

Na tuitazame nyumba moja ya mfano, kama zilivyo nyingi katika pwani ya mashariki ya Pemba. Ndani yake walikuwamo babu na bibi, mama, ndugu wawili mapacha, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na mdogo wao wa miaka miwili. Baba alikuwa akivua dago, akikaa siku nyingi mbali na nyumbani. Mama alikuwa akilima mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wanawake wengi wa pwani wamekishika. Kazi yake hufuata maji: siku za bamvu, bahari ikipwa mbali, mkulima hana budi kushuka pwani saa hiyo, akafunga mbegu katika kamba na kuvuna zilizokua. Bahari haimngojei mtu amalize kuosha vyombo.

Basi siku za bamvu kazi zote kumi tulizozihesabu zilimwangukia yule binti. Bibi alimsaidia, lakini mgongo wake ulikuwa umekwisha choka. Binti aliamka gizani, akafagia, akateka maji, akaosha vyombo, akamwogesha mdogo wake, kisha akakimbia skuli. Alifika hesabu imekwisha anza. Pacha wake alikuwa amekaa kitambo mahali pake, shati lake jeupe limefuliwa na dada yake. Mwaka ule mvulana alipata hesabu nyingi, na msichana alipata chache, na watu wakasema, "Wavulana wana akili ya hesabu." Hakuna aliyehesabu ndoo za maji.

Siku moja mvulana alirudi na njaa. Akala uji uliobaki, akaliacha bakuli chini, na kawa la kufunikia lilikuwa limetundikwa ukutani hatua mbili tu kutoka pale. Nzi wakaja. Baadaye yule mdogo akatambaa, akala mabaki. Usiku akaanza kuharisha, na asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, mdomo umekauka. Mama alimchukua mbio mpaka hospitali. Walimpa maji ya chumvichumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko, kutwa nzima, pamoja na dawa ya zinki. Jioni mtoto alilia machozi, na muuguzi akafurahi, kwani mtoto aliyekaukiwa na maji hana machozi. Akamwambia mama, "Sasa atapona. Lakini chakula chake kifunikwe, na kila mtu wa nyumbani aoshe mikono."

Mama aliporudi, hakumkemea mtu. Alisema maneno ya muuguzi tu, akaenda kulala. Yule mvulana alisikia, wala hakuweza kumtazama dada yake usoni.

Kesho yake alfajiri babu alimwita. "Mjukuu wangu!"

"Naam, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Chukua ufagio."

Mvulana akasitasita. "Babu, wenzangu wakipita wataniona. Mimi mwanamume."

Mzee yule katika ujana wake alikuwa baharia. Hakusema neno. Alichukua ufagio mwenyewe, akainama, akaanza kufagia uwanja toka upande wa mwembe, taratibu, mstari baada ya mstari. Mvulana akaona haya kubwa, akamkimbilia. "Nipe, babu. Mzee kama wewe usifagie mbele yangu."

"Kwa nini? Kufagia kutanipunguzia nini? Miaka kumi nimesugua jahazi, nimewapikia mabaharia kumi na wawili, nimejifulia mwenyewe. Nilipotua nchi kavu nikasahau yote, nikamwachia bibi yako. Hilo lilikuwa kosa langu, wala si mila ya kujivunia. Na chuoni tulifundishwa nini? Kwamba Mtume mwenyewe, akiwa nyumbani kwake, aliwasaidia watu wa nyumba yake, na nguo yake iliyochanika akaishona. Wewe u mwanamume kuliko yeye?"

"La, babu."

"Basi fagia. Ukimaliza, nitakufundisha kukwangua njukuti, maana ufagio huu umekwisha."

Wenzake walipita, wakamcheka. Siku ya pili wakamcheka tena. Siku ya tatu mmoja alimwuliza kama ule ufagio mpya kauunda mwenyewe. Siku ya nne walichoka kucheka. Katika nyumba ile wakagawana kazi kwa zamu: siku za bamvu mvulana aliteka maji na kuosha vyombo, dada yake akafagia na kumwogesha mdogo wao, wiki ya pili wakabadilishana. Kila mmoja alifua shati lake mwenyewe. Msichana akawa anafika skuli kengele haijalia bado, na hesabu zake zikaanza kupanda.

TUFANYE NINI?

Haya si maneno ya kuwafanya wavulana waone wanatukanwa, wala ya kuwafunza wasichana kutupa ufagio. Nyumba haijengwi kwa ugomvi. Tena wasichana nao wana kazi za kujifunza ambazo wamenyimwa kwa desturi: kugongomea msumari, kuziba paa linalovuja, kutengeneza ua wa makuti, kufyeka. Mwenye kujua kazi zote hamtegemei mtu. Wavulana wengi wa Pemba wakikua huenda Unguja, Tanga, Mombasa au Oman kutafuta maisha, wakakaa chumba kimoja, mbali na mama na dada. Asiyejua kufua wala kupika huko huvaa uchafu na kula vya kununua mpaka mshahara umekwisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu si mwalimu wa upole.

Basi zishikeni kanuni hizi tano, mvulana na msichana sawasawa:

1. Aliyekula aoshe chombo chake, akifunike chakula kilichobaki kwa kawa.

2. Aliyelala atandike kitanda chake na kukung'uta mkeka wake.

3. Kila mtu aoshe mikono kwa sabuni atokapo chooni, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

4. Vifuu, makopo na taka zote ziende jaani siku ileile, zisingoje kesho.

5. Kazi za kila siku zigawanywe kwa zamu, na zamu ifuate siku, isifuate kama mtu ni wa kiume au wa kike.

Mwanzoni tuliuliza: nani ashike ufagio? Sasa tumelipima lile neno la yule mvulana katika mizani, nalo tumeliona jepesi. Ufagio wa njukuti umefungwa kwa vijiti vingi. Kijiti kimoja ukikichukua peke yake, hakiondoi hata jani la mwembe. Vikifungwa pamoja, vyafagia uwanja mzima. Ndivyo ilivyo nyumba. Kila anayeichafua ana mkono wa kuisafisha, na asubuhi ya kesho, sauti ya tatu ikisikika, itakuwa vizuri kama mama, akiwa bado kitandani, atajiuliza ni nani leo aliyemtangulia.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya kazi ya usafi ya msimu na ya kila siku. Taja mifano mitatu ya kila moja kutoka nyumbani kwenu.

2. Kwa nini kazi ya kila siku haionekani inapofanywa?

3. Mtumishi wa nyumbani wa zamani atoa ushahidi gani juu ya maumbile na mazoea?

4. Daktari Semmelweis aligundua nini, na vifo vya akina mama vilipungua namna gani?

5. Minyoo ya safura huingiaje mwilini? Mbona dawa peke yake haitoshi?

6. Katika nyumba ya mfano, watu walisema wavulana wana akili ya hesabu. Kosa lao lilikuwa nini?

7. Andika kazi zote za usafi zilizofanywa nyumbani kwenu jana, na mbele ya kila kazi andika ni nani aliyeifanya. Kisha wasomee wazee wako, mkazungumze pamoja.